DAKTA LIVINGSTONE NA KISU CHA TABIBU

Katika kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri waliotangulia mbele ya haki, nimemchagua mtu ambaye jina lake tumelikariri katika somo la historia hadi likatuchosha. Naye ni David Livingstone. Najua wapo watakaoguna na kufungua ukurasa wa mafumbo. Ngojeni kwanza! Sikuja kuwahesabia mito na maziwa, wala sitawauliza alionana na Stanley wapi. Nataka kumsimulia kwa upande ambao vitabu vyetu vya darasani huupita mbio mbio: Livingstone tabibu wa kupasua, na Livingstone mgonjwa. Maisha yake yalianza zama ambazo mtu alikatwa mguu huku macho yamemtoka, yakaisha zama ambazo dawa ya usingizi ilikwisha kuenea duniani. Yeye mwenyewe aliionja ganzi kwa njia ambayo sote tunamwomba Mungu atuepushe nayo.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Uskoti. Kwao walikuwa mafukara hohehahe. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja cha jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipofika umri wa miaka 10 akaingizwa kiwandani, kazi ya saa 14 kwa siku, kuunganisha nyuzi zilizokatika. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alikuwa akikiegemeza kitabu juu ya mashine, akipita anasoma sentensi moja, akirudi anasoma nyingine. Sisi tunaolalamika kwamba taa za darasani zinazimwa mapema, haya! Mwaka 1836 akaanza kusomea udaktari mjini Glasgow, karo akiilipa kwa pesa za kiwandani.

Mnamo Novemba 1840 alipata cheti chake. Inasemekana, na mwenyewe aliandika hivyo, kuwa nusura aanguke mtihani kwa kubishana na watahini juu ya kile chombo cha kusikilizia kifua, ambacho kilikuwa bado kipya. Mwezi uliofuata akaabiri meli kuja Afrika kwa kazi ya umisheni.

Sasa hebu tutulie kidogo hapa. Daktari wa mwaka 1840 alifundishwa upasuaji wa namna gani? Alifundishwa haraka. Hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa. Mgonjwa alinyweshwa pombe kali au afyuni, akafungwa mikanda mezani, wanaume wanne wenye nguvu wakamkamata mikono na miguu, kisha kisu kikapita. Tabibu aliyesifiwa alikuwa yule aliyeweza kuukata mguu kwa dakika mbili tatu. Robert Liston, bingwa wa London, alikuwa na sifa hiyo, na wanafunzi walikuwa wakimtazama na saa mkononi. Kwa hiyo tumboni, kifuani na kichwani tabibu hakuthubutu kuingia, ila kwa nadra sana, maana huko kazi ni ya taratibu na hakuna binadamu anayeweza kuvumilia saa nzima ya kisu. Wengi walichagua kufa na uvimbe wao kuliko kulala juu ya meza ile. Huo ndio ufundi ambao Livingstone alikuja nao, pamoja na sanduku la visu na la dawa.

Akafikia kusini, nchi ya Watswana. Na mwanzoni mwa mwaka 1844 (mwaka ambao Krapf alifika Mombasa) ndipo alipokutana na simba.

Mambo yalikuwa hivi. Mahali paitwapo Mabotsa simba walikuwa wamezoea kuvamia mifugo. Wanakijiji wakatoka kuwasaka, Livingstone akiwa pamoja nao na bunduki yake. Akamwona simba mmoja nyuma ya kichaka, akampiga risasi mbili. Alipokuwa akishindilia baruti tena, watu wakapiga kelele; kugeuka, simba huyo hewani! Akamdaka begani, wote wawili wakabingirika chini, na simba akawa anamtikisa kama paka atikisavyo panya. Mwalimu mmoja Mwafrika aitwaye Mebalwe akafyatua bunduki yake, ikakosa. Simba akamwacha Livingstone akamrukia Mebalwe pajani. Mtu wa tatu akaja na mkuki, naye akang'atwa bega. Kisha mnyama akaanguka ghafla akafa, risasi za mwanzo zilikuwa zimekwisha kumwingia vizuri.

Livingstone alibaki na alama 11 za meno na mfupa wa mkono wa kushoto, ule wa juu, umesagika vipande. Daktari mwingine hakuwepo. Ilibidi asimamie mwenyewe matibabu yake, mfupa ukiungwa bila dawa yoyote ya kumlaza. Haukuunga sawasawa. Mahali palipovunjika pakawa kama kiungo cha pili, mkono unapinda pasipopaswa kupinda, na maisha yake yote hakuweza tena kuuinua vizuri. Tafadhali msomaji, uweke mkono huu akilini, tutauhitaji.

Lakini jambo la ajabu ni alilolieleza baadaye. Alisema kwamba wakati simba anamtikisa, hakusikia maumivu wala hofu. Alikuwa anaona kila kitu, anajua kinachotendeka, ila ni kama yumo ndotoni. Alipoandika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1857, aliifananisha hali ile na ya wagonjwa waliovutishwa klorofomu nusunusu, ambao huona upasuaji wote lakini kisu hawakisikii. Yeye akaona ni rehema ya Muumba kwa wanyama wote wanaouawa na wanyama wakali. Wataalamu wa siku hizi wanaeleza kwamba mtu akipatwa na kishindo cha ghafla, ubongo na uti wa mgongo vina njia zao za kuziba habari za maumivu zisipite, na mwili hutoa dawa zake wenyewe zinazofanana na afyuni. Mchezaji wa mpira aliyevunjika kidole na kugundua baada ya kipenga cha mwisho anajua ninachosema. Kasoro ya ganzi hii ni kuwa huji kwa hiari yake na huondoka kwa hiari yake. Tabibu hawezi kuitegemea. Na simba hapatikani duka la dawa!

Livingstone akiwa bado huko barani, dunia ya matibabu ikageuka. Ilikuwa mwaka 1846, ambao sisi wa pwani hii tunaukumbuka kwa jambo jingine: ndipo Krapf na Rebmann walipoanzisha misheni Rabai, hapa hapa Kilifi. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na uvimbe wa shingoni ukakatwa bila mgonjwa kupiga ukelele. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 21 Desemba, Liston yule yule mwenye mbio alikata mguu mjini London kwa etha. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, James Young Simpson wa Edinburgh akawakaribisha wenzake wawili chakula cha jioni, wakanusa klorofomu ili kuijaribu, na wote watatu wakajikuta chini ya meza. Simpson alifurahi mno, akaanza kuitumia kwa wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Wako waliompinga, wakisema uchungu wa uzazi umeandikwa katika Biblia. Mabishano yalipungua sana Malkia Victoria alipoivuta mwenyewe mwaka 1853 akimzaa mwanawe Leopold.

Lakini tusipake asali kila mahali. Tarehe 28 Januari 1848, miezi mitatu tu baada ya karamu ya Simpson, msichana wa Kiingereza Hannah Greener, mwenye umri wa miaka 15, alipewa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Akafa pale pale, katika dakika chache. Miaka 15, yaani rika letu la kidato cha pili. Ukucha tu! Daktari John Snow alilifuatilia jambo hili kwa bidii, akapima mvuke kiasi gani unamlaza mtu na kiasi gani unamuua, akatengeneza chombo cha kuugawa kwa kipimo. Huyu Snow ndiye aliyemhudumia Malkia, na ndiye aliyegundua kwamba kipindupindu huenea kwa maji machafu. Kabla yake klorofomu ilimwagwa kwenye leso kwa kukisia.

Nimeeleza habari za Hannah kwa sababu ninayo. Mwanafunzi mwenzetu alipougua kidole tumbo na kuambiwa lazima apasuliwe, bwenini yalisemwa mengi. Mmoja akadai ukipigwa nusukaputi roho hutoka nusu, na isiporudi ndiyo basi. Mwingine akasema mtu huropoka siri zake zote. Mwenzetu akajaa hofu, akataka kurudi nyumbani akanywe dawa ya miti. Basi nilikwenda kuuliza na kusoma, na nitaeleza nilivyofahamu.

Neno nusukaputi lenyewe lina mkosi: nusu ni nusu, na kaputi ni Kijerumani cha kitu kilichokwisha au kilichoharibika. Nusu kufa! Nani asiogope? Kwa hakika roho haiendi popote. Kinachofanyika ni kwamba dawa hupita kwenye damu ikafika ubongoni, ikazuia sehemu za ubongo zisizungumze zenyewe kwa zenyewe kama kawaida. Habari za kisu zinaweza kufika, lakini hakuna wa kuzipokea. Tofauti na usingizi wa usiku, ukimtikisa mtu huyu haamki, na hiyo ndiyo faida yake na ndiyo hatari yake. Maana dawa ikizidi, hulaza pia sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi, na hushusha nguvu za moyo. Kwa ajili hiyo mtaalamu wa usingizi habanduki kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho. Daktari anayepasua anatazama kidonda. Huyu anatazama uhai. Anahesabu mapigo ya moyo, anapima nguvu ya damu, na kile kibanio kinachobanwa kidoleni kinamwambia kama damu ina oksijeni ya kutosha. Hannah Greener hakuwa na hata kimoja kati ya hivi.

Na lile katazo la kula kabla ya kupasuliwa si ukali wa wauguzi. Mtu aliyelazwa hana kikohozi cha kujikinga. Chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuteremka mapafuni na kumziba au kuyaunguza. Kwa hiyo anayeficha kwamba alipitisha mahamri mawili alfajiri anajitafutia balaa mwenyewe.

Tena si kila upasuaji unahitaji kulazwa. Iko ganzi ya mahali pamoja, kama ya kung'oa jino. Ilianza mwaka 1884 Karl Koller alipotia matone ya kokeini jichoni. Iko sindano ya uti wa mgongo, inayoua ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Kwa hiyo mama anayejifungua kwa kupasuliwa humsikia mtoto wake akilia dakika ile ile. Na iko ketamini, dawa inayopendwa sana katika hospitali ndogo za nchi zetu, kwani humtoa mtu fahamu na maumivu huku mara nyingi akiendelea kupumua mwenyewe. Mtu akiamka kwa ketamini anaweza kuweweseka na kusema maneno ya ndotoni. Hapo ndipo ulipotokea uvumi wa siri, nadhani.

Wala tusifikiri mambo haya yote yalizuliwa ng'ambo. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, Uganda, mwanamke akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu, na pombe hiyo hiyo ikatumika kumwosha tumbo na kuosha mikono ya mganga. Damu ikazuiliwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa misumari ya chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Mama akapona, mtoto pia. Felkin alipochapisha habari hizi huko Edinburgh mwaka 1884, ilidhihirika kwamba kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wa siku nyingi. Mkono wa mganga yule haukuwa unajaribu.

Turudi kwa Livingstone. Safari zake za miaka ya 1850 mnazijua: alivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, akarudi kwao shujaa. Mwaka 1858 akaja tena kuupanda mto Zambezi, safari hii akiwa na daktari kijana, John Kirk, aliyefanya kazi katika hospitali kuu ya Edinburgh wakati mmoja na Joseph Lister. Ni Kirk huyu ambaye baadaye alikuwa balozi Unguja na kumbana Sultani Barghash hadi soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Safari ya Zambezi ilikuwa ya misiba. Mkewe Livingstone, Mary, alikufa kwa homa huko Shupanga mwezi wa Aprili 1862. Serikali ikawaita warudi.

Livingstone akawa na kimeli chake, Lady Nyassa, akakataa kukiuza Unguja kwa kuhofia kitaangukia mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Mwisho wa Aprili 1864 akakiendesha mwenyewe kutoka Unguja kwenda Bombay, siku 45 baharini, na baadhi ya mabaharia wake hawakuwahi kuiona bahari kabla ya hapo. Mmojawapo alikuwa kijana Chuma. Manahodha wetu wa Malindi na Lamu waliotegemea kaskazi na kusi wangemwita mwendawazimu, lakini akafika.

Alipofika Uingereza mwaka huo huo, mwili ulikuwa umechoka. Alikuwa akisumbuliwa na bawasiri kwa miaka, akitoka damu nyingi. Akaenda kwa James Syme wa Edinburgh, mmoja wa mabingwa wakubwa wa kupasua wa wakati ule. Syme akamshauri kwa mkazo kwamba apasuliwe. Dawa ya usingizi ilikuwepo. Katika mji ule wa Simpson klorofomu ilikuwa imekwisha kutumika kwa miaka 17. Mtu aliyeungwa mfupa kavukavu porini angelazwa, akaamka, na kazi ikawa imekwisha.

Akakataa.

Sababu yake inasikitisha. Hakutaka ugonjwa wake ujulikane. Alikuwa mtu mashuhuri, na mashuhuri hapasuliwi kimya kimya. Habari zingefika magazetini. Ni kweli kwamba upasuaji wa siku zile ulikuwa na hatari nyingine, kwani vidonda vilioza ovyo. Lister, mkwewe Syme, hakutangaza njia yake ya kuua vijidudu vidondani mpaka mwaka 1867. Lakini aliyemkwamisha Livingstone zaidi alikuwa aibu. Mimi simcheki. Katika vijiji vyetu, kutoka Mtwapa hadi Marafa, ni wangapi wenye bawasiri, ngiri au busha wanaokaa nayo miaka na mikaka kwa kuona haya? Simba hakumtisha, na maumivu aliyazoea. Lakini kulifungua shuka mbele ya watu, hilo lilimshinda.

Akarudi Afrika na damu yake ile ile. Mwezi wa Machi 1866 akaondoka Unguja kuelekea Ruvuma. Miongoni mwa watu wake walikuwemo vijana wa Nasik. Nasik ni mahali karibu na Bombay palipokuwa na shule ya Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Sisi wa Kilifi tunawajua watu hawa kwa njia nyingine, kwani wenzao wengi waliletwa Freretown na Rabai katika miaka ile. Mchungaji William Jones wa Rabai alikuwa mmoja wao.

Januari 1867 mchukuzi mmoja akatoroka na sanduku la dawa, kwinini yote ikaenda. Livingstone aliona kama amehukumiwa kifo. Hata hivyo alisukuma miaka 6 zaidi. Miguu ikatoka madonda ndugu, meno yakamtoka, tumbo likaharisha. Mwaka 1871 huko Nyangwe aliwaona wafanyabiashara wakiwamiminia risasi wanawake sokoni, na habari alizoandika zilisaidia kuwasha moto wa kupinga utumwa. Stanley akaja na dawa na chakula, akamsihi warudi pamoja, akakataa tena. Agosti 1872 akaondoka Unyanyembe na watu wapya waliotumwa kutoka pwani, mmoja wao Jacob Wainwright, kijana wa Nasik mwenye kusoma na kuandika vizuri.

Waliingia katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa masika. Damu ikazidi kumtoka, siku baada ya siku, hadi hakuweza kukaa juu ya punda. Susi, Chuma na wenzao wakamtengenezea machela wakambeba. Mwishoni mwa Aprili 1873 walifika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Alfajiri ya tarehe 1 Mei walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kimelala mikononi juu ya mto. Amekwisha kuwa baridi.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo kisu kinaporudi, kikiwa mkononi mwa mtu wetu. Walikubaliana kuupeleka mwili pwani. Katika msafara alikuwemo Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja na kujua kidogo namna maiti inavyofunguliwa. Farijala akapasua tumbo, akatoa moyo na matumbo, vikatiwa katika bati na kuzikwa chini ya mti mkubwa, Wainwright akisoma sala. Wakati anafanya kazi hiyo aliwaonyesha wenzake donge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu, upande wa kushoto. Homa na kuhara zilimla sana, lakini donge lile lilieleza maumivu makali ya tumbo aliyokuwa nayo siku za mwisho.

Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa kaniki na ganda la mti na turubai. Wakaubeba miezi 9. Unyanyembe walikutana na Luteni Cameron, akawashauri wauzike hapo hapo, wakamkatalia katakata. Mbele zaidi, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini kwao. Wakafanya hila: wakatengeneza mzigo wa uongo wa majani wakautuma kurudi nyuma kana kwamba maiti inarudishwa, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Mnamo Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Huko wengi wao walilipwa mshahara wao na kuagwa, basi. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza.

Lilipofika London mwezi wa Aprili, uso haukutambulika tena baada ya jua na chumvi na mwaka mzima. Wakubwa wakaulizana: tuna hakika gani kuwa ni yeye? Akaitwa Sir William Fergusson, bingwa wa upasuaji. Hakuhangaika na uso. Aliufunua mkono wa kushoto, akaupapasa mfupa wa juu, na pale ulipovunjwa na simba miaka 30 nyuma, akakikuta kile kiungo cha pili kisichopaswa kuwepo. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa katika kanisa la Westminster, na Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Wainwright akarudi Afrika Mashariki, akafa Urambo, Tanganyika, mwaka 1892.